Shajara ya mradi: kupima mpindo wa mwanga kwenye viyeyushi vya kijani, stoo ya maabara, Njombe

9 Juni 2025

Nianze kwa kusema nataka nini maana wengine mtaingia katikati. Mi ni fundi maabara wa sekondari huku Njombe na tangu mwaka jana nahangaika kukamua majani ya chai kwa gliserini na maji badala ya spiriti. Viyeyushi vya kijani ndo wanaviita, yaani vimiminika visivyokuchoma mapafu, vikimwagika udongo unavimeza na kuvimaliza, na vingi vinatokana na mimea. Gliserini ni mojawapo, inabaki tu kwenye kutengeneza sabuni na dizeli ya mafuta ya mimea, kwahiyo siyo kitu cha kutafuta kwa tochi.

Shida yangu ni hii: nikishatumia mara moja nataka nitumie tena, lakini sijui maji yameingia kiasi gani. Kutuma sampuli ikapimwe ni hela ambayo sina. Njia ya mkato ni mwanga. Kila kimiminika kinapinda mwanga kwa kiasi chake, ile namba ya mpindo ambayo vitabuni ni herufi n. Maji kwa nyuzi 20 ni 1.333, gliserini safi ni 1.474, ukichanganya nusu kwa nusu kwa uzito unapata 1.398, yaani n inapanda karibu kwa mstari ulionyooka. Ukiijua n unaijua asilimia ya maji. Ndivyo nilivyodhani.

Nimenunua rifraktomita (kifaa cha kupimia huo mpindo) ya wafuga nyuki, ile ya kupimia asali, skeli ya Brix, yaani asilimia ya sukari, 58 hadi 90, shilingi 75,000. Shule tayari ina ile ya juisi ya 0 hadi 32. Angalieni pengo hapo kabla hamjanunua: ya juisi inaishia gliserini ya asilimia 40, ya asali inaanzia kwenye 76 hivi, katikati hakuna kitu. Mi nimeligundua nikiwa nimeshalipa.

Mizani ya sonara yenye usahihi wa 0.01 g, 28,000. Gliserini lita moja 15,000, lebo imeandikwa safi kabisa. Nikaweka matone mawili kwenye rifraktomita, inatakiwa isome kama 73 na nusu, imesoma 70. Hiyo ni gliserini ya asilimia 94, sita zilizobaki ni maji niliyouziwa kwa bei ya gliserini. Sitaji duka. Nusu lita nimeimwaga kwenye sahani pana nikaiweka oveni nyuzi 110 usiku kucha, asubuhi inasoma 73, karibu asilimia 99. Imefungwa kwenye chupa yenye mfuniko unaobana.

14 Juni

Leo nilitaka kujua joto linafanya nini. Nikapasha gliserini kwenye bika ndani ya maji ya moto mpaka nyuzi 60, nikadondosha matone mawili kwenye rifraktomita haraka haraka, nikafunga kioo, nikasoma: 70. Ya baridi: 70. Nikarudia mara tatu, 70, 69.9, 70.

Nimeandika kwenye daftari "joto halina athari ya maana". Naacha sentensi hii hapa makusudi, msije mkainakili.

22 Juni

Ile sentensi ya wiki iliyopita ni upuuzi mtupu na imenichukua siku nane kuelewa. Ni makosa mawili yamepandana, moja linalifunika lingine.

La kwanza, matone mawili hayana joto la kushindana na kipande kizima cha kioo na chuma. Gliserini ya nyuzi 60 ukiigusisha kwenye kioo cha nyuzi 17, ndani ya sekunde chache nayo ni nyuzi 17. Nilikuwa napima gliserini ya baridi mara zote, tofauti ilikuwa tu kwamba moja ilipita jikoni kwanza.

La pili ndo lililoniuma zaidi. Kwenye shina la kifaa pameandikwa ATC, yaani kinajisahihisha chenyewe kwa joto, nikaona ni sifa nzuri, si ndo maana nimekilipia. Ndani kuna kipande cha metali mbili kinachojikunja kulingana na joto na kuisogeza skeli, ili mfuga nyuki akipima asubuhi au mchana apate jibu lile lile. Yaani nimenunua kifaa kilichotengenezwa maalum kuficha kile ninachokitafuta! Afu kinasahihisha kwa hesabu ya sukari, siyo ya gliserini.

Nikalijaribu hili. Rifraktomita nzima na tone lake ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya ndoo ya maji ya nyuzi 30, nusu saa, ili kila kitu kiwe joto moja. Ikasoma 69.7 badala ya 70. Gliserini inapoteza kama 0.00025 kwa kila nyuzi moja, kwahiyo kutoka 17 hadi 30 nilitakiwa nione imeshuka zaidi ya Brix moja. Robo tatu ya mabadiliko ATC imeyala.

Kwahiyo kwa wanaofuata: rifraktomita ya ATC ni sawa kwa kujua mchanganyiko ukiwa karibu na nyuzi 20, kwa kupima athari ya joto haifai hata kidogo. Nahitaji kifaa ambacho kimiminika ni kingi na thamometa inazama ndani yake.

5 Julai

Prizimu ya maji. Wazo ni la zamani sana: vioo viwili unaviegemeza vikutane kwenye kona ya nyuzi 60, unaziba chini na nyuma, unajaza kimiminika, unapitisha leza, unaangalia doa limehama kiasi gani ukutani. Hakuna ATC hapo, hakuna wa kukudanganya zaidi ya mikono yako mwenyewe.

Boksi la slaidi za hadubini 7,000. Leza nyekundu ya nanomita 650 ile ya kuchezea paka 5,000. Supaglu 1,000.

Prizimu ya kwanza ya supaglu ilishika vizuri ikiwa kavu, nikaijaza maji ya moto, dakika kumi ikaachia kona zote kwa pamoja kwenye meza. Ya pili silikoni ya kuzibia madirisha, tubu 8,500, ile inayonuka siki. Kwenye tubu wanasema masaa 24, kwa baridi ya huku mwezi wa saba subirini siku tatu. Mi nilisubiri siku moja, nikaijaza, ikavuja kwenye kitako. Ya tatu niliisubiri, na ndo inayofanya kazi mpaka leo, inaingia kama mililita 30.

Leza iko kwenye kopo la mchanga, prizimu juu ya sahani inayozunguka, ukuta uko mita 4. Unaizungusha prizimu taratibu, doa linatembea upande mmoja, linasimama, linarudi. Pale linaposimama ndo unaweka alama. Hesabu ni fupi: kona ya prizimu jumlisha pembe ya kuhama, gawa kwa mbili, chukua sine, gawanya kwa sine ya nusu ya kona.

Nikajaza maji safi nikapata 1.324.

Maji hayawezi kuwa 1.324, kwa nyuzi 17 na leza nyekundu yanatakiwa 1.3315. Nikapima ukuta upya, nikapima meza upya, nikabadilisha maji, nikaanza kuilaumu leza. Mwisho nikageuza swali: kama maji nayajua, basi kisichojulikana ni kona. Doa lilikuwa milimita 1,690 kutoka mstari wa katikati, nikarudisha hesabu nyuma, kona ikatoka 58.9. Silikoni iliponywea ilivuta vioo vikasogeleana kwa nyuzi moja na kidogo. Seti skweya niliyoitumia kama kielelezo ilikuwa sahihi, ila niliitoa kabla silikoni haijakauka.

Kwahiyo usiipime kona kwa protrakta, ipime kwa maji. Na ifanye hivyo kila siku kabla ya kazi, inachukua dakika tano.

7 Julai, Saba Saba

Shule haina watu, nimepata ukuta mzima kwangu.

Thamometa ya waya ya kidijitali 14,000. Nikaijaribu kwenye maji yanayochemka ikasoma 93 na nusu nikataka kuirudisha dukani, afu nikakumbuka niko wapi. Huku juu karibu mita 2,000 maji yanachemka hapo hapo 93, thamometa haina kosa.

Nikamimina gliserini ya dukani (ile ya 94, sikutaka kupoteza iliyokauka) ikiwa nyuzi 65 na kuiacha ipoe huku naweka alama ukutani. Doa halikuwa doa, lilikuwa mkia mrefu unaotikisika, kama ile mistari unayoiona sukari inapoyeyuka kwenye glasi ya maji. Kingo zinapoa kabla ya katikati, kwahiyo ndani ya prizimu kuna gliserini za aina kumi kwa wakati mmoja, kila moja inapinda mwanga kivyake. Gliserini ni nzito haijichanganyi yenyewe.

Kilichosaidia ni vitu vidogo: mfuniko wa karatasi ya alumini juu, sponji kuzunguka pembeni isipokuwa tundu mbili za mwanga, kukoroga polepole kwa waya wa shaba kisha kusubiri sekunde thelathini mapovu yapande, na leza ipite usawa wa ncha ya thamometa, siyo sentimita mbili juu yake. Mara ya kwanza leza ilipita juu na thamometa ilikaa kitakoni na zile mbili zilipishana nyuzi 4.

Baada ya hapo, safi. Nyuzi 50: 1.4553. Nyuzi 40: 1.4579. Nyuzi 30: 1.4604. Nyuzi 20: 1.4628. Doa limetembea milimita 60 ukutani kwa nyuzi 30, yaani milimita 2 kwa kila nyuzi moja, unaliona kwa macho likitambaa wakati kitu kinapoa. Nilikaa kulitazama kama anayetazama mpira.

Mteremko ni 0.00025 kwa nyuzi, sawasawa na vitabu. Na sababu siyo ya ajabu: kimiminika kikipata joto kinatanuka, chembe zinaachana, mwanga unakutana na vitu vichache njiani, unapinda kidogo. Gliserini inatanuka kama sehemu 5 katika 10,000 kwa kila nyuzi. Spiriti inatanuka mara mbili ya hapo na n yake inashuka kama 0.0004. Maji yanatanuka kidogo kuliko zote na yanashuka kama 0.0001 tu.

Onyo dogo. Betri ya leza nyekundu iliisha katikati nikachomeka ya kijani, nanomita 532 (12,000), n ikaruka juu kama 0.005. Rangi yenye wimbi fupi inapinda zaidi, hilo kila mtoto aliyeona upinde wa mvua analijua, ila kwenye jedwali ni sawa na kupoza gliserini nyuzi 20. Chagua rangi moja ubaki nayo. Namba za vitabu nyingi ni za taa ya sodiamu ya njano, nanomita 589, kwahiyo za nyekundu zitakuwa chini kama 0.002. Afu zile leza za kijani za bei rahisi zinatoa na mwanga usioonekana pamoja na wa kijani, macho yanaungua bila wewe kujua, kwahiyo hakuna kuchungulia.

19 Julai

Wiki mbili za kupima michanganyiko, sitawachosha. Gliserini iliyokauka na maji, kwa uzito, siyo kwa mililita (gliserini inanata kwenye silinda, unadhani umemimina 20 kumbe 18). Leza nyekundu, nyuzi 20: maji 1.331, asilimia 20 ni 1.356, 40 ni 1.382, 60 ni 1.411, 80 ni 1.441, na 99 ni 1.470. Karibu mstari. Kila asilimia moja ya gliserini ni kama 0.0013 hadi 0.0015.

Miteremko ya joto kati ya 20 na 40: maji 0.00012, ya 40 ni 0.00018, ya 60 ni 0.00021, ya 80 ni 0.00023, ya 99 ni 0.00025. Kwahiyo huwezi kutumia sahihisho moja la joto kwa michanganyiko yote, kadri maji yanavyopungua ndivyo joto linavyouma. Na maji yenyewe hayaendi mstari: kutoka nyuzi 10 hadi 20 yanapoteza 0.0007 tu, kutoka 30 hadi 40 yanapoteza 0.0014. Ni kwasababu maji huwa mazito kuliko yote kwenye nyuzi 4, ukiwa karibu na hapo hayana haraka ya kutanuka.

Sasa spiriti, maana hii itawasaidia wengi. Nilikuwa na spiriti ya 96 na niliwaza hata hii naweza kuichunguza kwa rifraktomita ya juisi. Mchana chumba kikiwa nyuzi 20 nikapima: Brix 20. Nikaongeza maji mpaka 60 kwa uzito: Brix 20. Nikasafisha kioo nikapima tena, 20. Nikamwita mwenzangu wa fizikia, naye akasoma 20.

Siyo kifaa. Spiriti safi ni 1.3614, maji ni 1.333, ungetegemea mchanganyiko ukae katikati kwa adabu, lakini haukai. Ukichanganya mililita 50 za maji na 50 za spiriti hupati 100, unapata 97 hivi, chembe zinabanana, na zikibanana n inapanda. Inapanda mpaka kwenye asilimia 80 hivi, 1.3658, afu inaanza kushuka. Kwahiyo 60 iko upande huu wa mlima na 96 upande ule, kimo kimoja. Mtu akikuuzia spiriti ya 60 akaiita 96 rifraktomita itamtetea. Kwa spiriti pima densiti (uzito kwa ujazo), acha mwanga.

Gliserini haina mlima huo, ndo maana mradi wangu bado una miguu.

2 Agosti

Nimeingia kwenye ile michanganyiko inayoitwa yutektiki. Mwaka 2003 Abbott na wenzake pale Leicester, Uingereza, walitangaza kwamba kolini kloridi, chumvi inayoyeyuka kwenye nyuzi 302, ukiichanganya na urea inayoyeyuka kwenye 133, moli moja kwa mbili (hesabu ya chembe, siyo ya uzito), unapata kimiminika kwenye nyuzi 12. Vitu viwili vigumu vinashikana mikono vinakuwa maji maji. Badala ya urea unaweza kuweka gliserini, na hiyo ndo naitaka mimi.

Kolini kloridi safi ya maabara sina uwezo nayo. Lakini wafuga kuku wanaijua, inauzwa kama nyongeza ya chakula, asilimia 60 iliyonyweshwa kwenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Kilo 10,000. Nikaloweka gramu 200 kwenye spiriti (lita mbili 16,000), kolini inayeyuka, magunzi hayayeyuki, nikachuja kwa kitambaa kisha karatasi ya chujio, nikakausha juu ya maji ya moto dirisha wazi, jiko la umeme, HAKUNA MOTO WA MKAA KARIBU NA SPIRITI. Kwa hesabu nilitakiwa kupata gramu 120, nimepata 85, rangi ya chai ya rangi. Sehemu moja niliiacha ikapata moto kupita kiasi, stoo nzima ikanuka dagaa wabichi mpaka jioni. Kolini ikivunjika ndo inavyonuka.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye mizani. Naweka fuwele, namba inapanda. Naondoa kidogo, inapanda tena. Nikafikiri mizani imepata upepo. Kuangalia vizuri fuwele zinang'aa kama chumvi ya mawe wakati wa masika, inavuta maji hewani mbele ya macho yako. Tiba: chupa yenye mfuniko, pima chupa imejaa, mimina haraka, funga, pima kilichobaki. Usipime kitu kilicho wazi.

Gramu 43.1 za kolini kwa 56.9 za gliserini iliyokauka, nyuzi 80, kukoroga saa moja. Imetoka nzito, njano, angavu. Rifraktomita 77 na nusu, kama 1.484. Vitabu vinasema kama 1.487 kwa nyuzi 25, kwahiyo yangu bado ina maji kidogo na uchafu wa magunzi. Mteremko wa joto kwenye prizimu karibu sawa na wa gliserini.

Ya urea nilitumia mbolea, kilo 3,000. Ina mawingu kwasababu punje zimepakwa dawa zisigandamane. Na mara ya kwanza nilipitisha 110 ikaanza kutoa amonia, nikafungua dirisha nikatoka nje. Kaeni 80. Nimeiacha hapo, maana asubuhi ya tarehe 30 chumba kikiwa nyuzi 9 nilikuta fuwele zimejaa kitako cha chupa. Kiyeyushi kinachoganda chenyewe Njombe si cha Njombe.

12 Agosti

Hii inaniaibisha lakini shajara ni shajara.

Tangu tarehe 3 nilikuwa napima ile ya kolini na gliserini kila siku mara mbili kwenye prizimu, asubuhi na saa saba mchana, chupa imefungwa, nione kama inavuta unyevu. Asubuhi n iko juu, mchana imeshuka kama 0.003. Kwa hesabu yangu hiyo ni asilimia 2 ya maji. Nikaanza kulaumu mfuniko, nikazungushia selotepu, nikabadilisha chupa. Siku ya nne mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano anayenisaidia akaliangalia jedwali akaniuliza: "Mwalimu, kwani haya maji yanaingia mchana afu usiku yanatoka?"

Nilikaa kimya kidogo. Asubuhi chumba nyuzi 10, mchana 22. Nyuzi 12 mara 0.00025 ni 0.003. Mimi niliyetumia Saba Saba nzima kutazama doa likitembea kwa joto, nimesahau kuandika joto kwenye jedwali la unyevu kwasababu kichwani mwangu huo ulikuwa "mradi mwingine". Ni mradi ule ule. Joto likipanda n inashuka, maji yakiingia n inashuka, na namba yenyewe haikwambii ni yupi kaingia. Kwa gliserini nyuzi 6 ni sawa na asilimia moja ya maji, kwahiyo kila kipimo kisicho na joto pembeni yake nimekikata kwa kalamu nyekundu. Vimeondoka 11.

Halafu tukapata jaribio la bure. Alhamisi tarehe 7 tulifunga kwa ajili ya Nane Nane na mtu (mimi) aliacha chupa ya mdomo mpana wazi mezani mpaka Jumatatu. Kwa bahati nilikuwa nimepima uzito wa kilichomo: gramu 82.40. Jumatatu 85.10. Imekunywa gramu 2.70 za maji, asilimia 3.2 ya uzito mpya, na hii ni kiangazi, sijui masika ingekuwaje. Kwenye prizimu, baada ya kurudisha kila kitu nyuzi 20, n imeshuka 0.0047. Kwa mteremko wa 0.0015 kwa asilimia ilitakiwa 0.0048. Mizani na mwanga vimesema kitu kimoja bila kuambiana, na hapo ndo nilipoanza kukiamini kifaa changu cha slaidi na silikoni.

23 Agosti

Jedwali limekamilika na limebandikwa ukutani: unasoma n, unasoma joto, unaongeza 0.00025 kwa kila nyuzi iliyozidi 20 (au unatoa kama iko chini), kwa michanganyiko yenye maji zaidi ya 40 unatumia 0.0002, halafu unaangalia asilimia. Ukifanya kwa makini unakosea chini ya nusu asilimia ya maji, na hiyo inanitosha.

Leo nimelitumia kwenye chai yenyewe kwa mara ya kwanza. Gliserini ya 80, majani makavu, nyuzi 60 kwa saa mbili, kuchuja, kupima. Leza ya kijani haikupita kabisa, imemezwa na ile rangi nyeusi, nyekundu imepita kwa shida lakini doa linasomeka. Jibu: n imepanda 0.003. Kwa mujibu wa jedwali langu kiyeyushi kimepoteza asilimia 2 ya maji, wakati bika lilikuwa limefunikwa muda wote na uzito umepungua chini ya nusu gramu.

Ni chai. Vilivyoyeyuka kutoka kwenye majani navyo vinapinda mwanga, na vinapandisha n pale ambapo maji yangeishusha, kwahiyo vinaweza kuficha maji kabisa. Jedwali linafaa kwa kiyeyushi kipya na kwa kilichokaa stoo, kwa kilichotumika halitoshi peke yake. Sasa napima chupa kwa mizani kabla na baada, na nimeagiza haidromita, kile kipima densiti kinachoelea, maana maji yanashusha densiti na nataka nione chai inafanya nini huko.

Gharama mpaka leo, pamoja na mbolea ya urea: 194,500. Zingeweza kuwa 120,000 hivi kama ningeanza na prizimu nikaiacha rifraktomita ya asali kwa wenye nyuki. Prizimu ya nne iko kwenye silikoni tangu jana, na safari hii seti skweya haitoki mpaka Jumanne.